Kimya cha Aliye Katika Swala

Wametusimulia waliotutangulia, na Allah ndiye Mjuzi zaidi wa yaliyokuwa, kwamba katika mji mmoja wa Yemen, zama ambazo nguo zilizotiwa nili zilitafutwa kila pembe, aliishi msichana mmoja jina lake Sukaina binti Wahb. Baba yake alikuwa mtia rangi, akafariki Sukaina akiwa na miaka tisa. Mama yake na babu yake walikuwa wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Akalelewa na ami yake, Ghalib, ndugu wa baba yake, mtu mkarimu mwenye sauti kubwa na haraka ya mambo. Ghalib alimlea vizuri. Ninalisema hili mapema ili msomaji asije akamchukia kabla ya wakati, kwani katika kisa hiki hakuna mtu mbaya. Kuna watu wema waliofanya jambo baya, na hao ndio wengi duniani.

Sukaina alishika kazi ya baba yake. Asubuhi yote alikuwa mbele ya mitungi ya rangi, mikono ya buluu hadi viwikoni. Ikiadhiniwa Adhuhuri alisugua mikono kwa mchanga na maji, akatawadha, akasimama kuswali chumbani kwake nyuma ya pazia. Ubuluu haukumtoka, lakini mafakihi walikwisha kumtoa wasiwasi: rangi isiyo na gamba haizuii udhu. Swala yake ilikuwa ndefu, na watu wa nyumba walijua hivyo, wakawa wakimtania kwamba akisimama kuswali, uji uliopikwa unapoa na kupashwa tena mara mbili.

Siku moja ya Jumapili alikuja kwa Ghalib mfanyabiashara aliyeitwa Harith bin Auf, pamoja na wazee wake, kumposa Sukaina. Harith alikuwa mtu wa swala na heshima, na Ghalib alifurahi hata akasahau viatu vyake vilipo. Hakutaka kungoja. Akaamrisha kondoo achinjwe, akamwita fakihi wa mtaa, na wanaume waliporudi msikitini baada ya Adhuhuri, sinia zilikuwa tayari na watu wamekwisha kukaa.

"Limebaki jambo moja," akasema fakihi. "Binti hana baba wala babu. Ami hamwozi bila idhini yake. Nendeni mkamuulize."

Akainuka Ghalib na mashahidi wawili. Mmoja alikuwa shemeji yake. Wa pili alikuwa Sheikh Dhakwan, muadhini wa msikiti wa mtaa, rafiki yake wa miaka arubaini, mtu ambaye mji mzima ulifunga na kufungua saumu kwa kuiamini sauti yake. Wakasimama nje ya pazia.

"Ewe Sukaina," akaita Ghalib, "Harith bin Auf amekuja kukuposa nami nimempa. Je, umeridhia?"

Sukaina alikuwa katika rakaa ya tatu. Alisikia kila neno, na moyo ukamwenda mbio. Swala ni ya faradhi. Akisema neno imebatilika. Akafanya lile ambalo mwanamke amefundishwa kulifanya anapotaka kumjulisha mtu kwamba yumo katika swala: akapiga kiganja cha mkono wa kulia juu ya mgongo wa mkono wa kushoto, mara moja, kisha mara ya pili.

Nje ya pazia ami yake akacheka. "Mmesikia? Kanyamaza, tena kapiga makofi kwa furaha. Twendeni, wali unapoa."

Nyayo zikaondoka. Sukaina akaendelea kuswali huku machozi yakimtiririka hadi kidevuni, na kabla hajafika kwenye tahiyatu ya mwisho, watu wa barazani walikwisha kumfanya mke wa mtu.

Alipotoa salamu, mke wa ami yake aliingia akipiga vigelegele, akamkumbatia. Sukaina akajitoa taratibu, akamfuata ami yake uani.

"Ami yangu, mimi nilikuwa katika swala."

Ghalib akamtazama. Uso wake ulikuwa bado una furaha. "Ulikuwa katika swala?"

"Nilikujulisha kwa mikono. Sikukubali wala sikukataa. Sikuweza kusema."

Ghalib akageuka kutazama barazani, na inaaminika kwamba katika kitambo hicho angeweza kulirekebisha jambo lile. Lakini wageni walikuwa wanakula, na dua ilikwisha kusomwa. Kurudi barazani na kuwaambia watu kwamba hakuna ndoa kulimshinda. "Mwanangu," akasema, "kimya ni kimya. Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema kwamba idhini ya bikira ni kunyamaza kwake. Sasa wewe unataka kumkosoa Mtume?"

Maneno hayo yalimwumiza Sukaina kuliko ndoa yenyewe. Aliijua hadithi ile. Alijua kwamba inaanza kwa kuamrisha bikira aombwe idhini, na kwamba kunyamaza kumetajwa kwa kumhurumia mwenye haya. Ami yake alikuwa ameishika mkiani. Lakini Sukaina hakubishana naye pale. Aliuliza tu atahamishwa lini kwa mumewe, akaambiwa ni Alhamisi baada ya Alasiri.

Kesho yake Bibi Rumiya alileta nguo zake kutiwa rangi. Huyu alikuwa Myahudi, mke wa sonara, jirani mwema aliyemjua Sukaina tangu akiwa mtoto wa kubebwa. Akamkuta macho yamevimba, akamhoji mpaka akaambiwa.

"Binti yangu, usijichoshe," akasema Bibi Rumiya kwa huruma. "Kwenu ndivyo ilivyo. Mwanamke hutolewa kama mtumba wa nguo, haulizwi. Dini yenu ndiyo iliyosema hivyo."

"Nani aliyekwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Nimekaa mtaa huu miaka thelathini, ninaona."

Sukaina alitaka kukasirika, lakini hakuona wa kumkasirikia. Yule mama hakusema uongo. Alikuwa ameisoma dini yao kwa watu wake, kwa sababu hao ndio kitabu kilichofunguliwa mbele yake. Na Sukaina akatambua kwamba akihamishwa Alhamisi akiwa kimya, atakuwa amelithibitisha neno la Bibi Rumiya kwa mwili wake mwenyewe. Kumpoteza ami yake aliogopa, tena sana. Lakini kuisingizia dini ya Allah aliogopa zaidi. Hapo ndipo alipoazimia kwenda kwa kadhi, na alipokwisha kuazimia hakulia tena.

Kadhi angetaka ushahidi. Chumbani alikuwa peke yake na Mola wake, na Mola haitwi barazani kula kiapo. Shemeji ya ami yake alikuwa mzito wa masikio. Alibaki mtu mmoja tu. Jumanne, Sheikh Dhakwan aliposhuka mnarani baada ya adhana ya Alasiri, alimkuta Sukaina amesimama mlangoni pa msikiti pamoja na kijakazi wa nyumba yao.

"Sheikh, ulinisikia nikipiga mikono?"

Mzee akatazama chini. "Nilisikia."

"Ulijua maana yake?"

"Binti yangu, miaka arubaini nimeishi msikitini. Nitakosaje kuijua?" Akavuta pumzi. "Nilifungua kinywa niseme, ami yako akacheka. Nikajiambia, huenda ameridhia pia. Harith ni mtu mzuri. Usinitie mashakani. Nikisema sasa, watu wataniuliza kwa nini sikusema siku ile."

"Sikuombi uende popote," akasema Sukaina. "Sikuombi umseme vibaya rafiki yako. Ninalokuomba ni hili tu: ukiulizwa, jibu."

Akamuaga kwa heshima, akaondoka. Sheikh Dhakwan, wanasema, siku ile alichelewa kukimu swala, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Jumatano Kadhi Shurahbil aliketi kama kawaida yake katika ua wa msikiti mkubwa, wanawake upande mmoja na wanaume upande mwingine. Habari zilikwisha kuenea, na ua ulijaa. Hata Bibi Rumiya alikuja, akasimama nyuma karibu na lango. Kadhi alikuwa mtu mkavu, hana maneno mengi, na wenye kesi dhaifu hawakumpenda.

Sukaina akaeleza. Ghalib akaitwa, akaapa kwamba alimuuliza naye akanyamaza, na kiapo chake kilikuwa cha kweli. Kadhi akamgeukia msichana.

"Unadai ulikuwa katika swala. Una shahidi?"

"Muulize Sheikh Dhakwan alichosikia."

Watu wakageuka. Muadhini alikuwa ameketi safu ya mbele, mkabala na rafiki yake. Akainuka polepole akishika goti. Ghalib alimtazama kama mtu anayesubiri kukingwa mvua na rafiki.

"Nilisikia mikono ikipigwa mara mbili," akasema Dhakwan, na sauti ile iliyozoea kufika mwisho wa mji sasa ilifika safu ya tatu kwa shida. "Si makofi ya furaha. Ni yale ambayo mwanamke humjulisha nayo imamu aliyesahau. Nililijua hilo pale pale, nikanyamaza kwa kumwonea haya mwenye nyumba. Naomba sauti yangu iondolewe mnarani. Asiyeweza kusema kweli nje ya pazia hafai kuwaita watu kwenye haki."

Ghalib aliinamisha kichwa, akaziba uso kwa kitambaa cha kilemba chake.

Kadhi akasema: "Kimya kinachohesabiwa idhini ni kimya cha mtu anayeweza kusema akaona haya. Aliye katika swala amekatazwa kusema. Ulimi uliofungwa na Mola, watu hawaufanyi ushahidi. Na wewe Ghalib, walii amewekwa amlinde binti, hakuwekwa ammiliki. Alimjia Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, mwanamke aliyeozwa bila ridhaa yake, naye akamrudishia hiari yake. Ndoa hii siivunji, kwa sababu haikufungwa."

Harith bin Auf akasimama. Alikuwa amekunjamana uso, si kwa hasira. "Kesho ningemwingiza nyumbani kwangu nikimdhania mke wangu," akasema. "Alhamdulillahi, Allah ameniepusha na kubwa."

Mambo yangekwishia hapo, lakini Ghalib akainua kichwa. Alikuwa amefedheheka mbele ya mji mzima na akaona mlango mmoja wa kutokea. "Ewe Kadhi," akasema, na sauti yake kubwa ilikuwa imekuwa ndogo, "makosa ni yangu. Basi muulize sasa. Yupo hapa, hayumo katika swala. Harith ni yule yule. Muulize."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Wengi walidhani kwamba hilo ndilo alilolitaka Sukaina tangu mwanzo, yaani aulizwe tu kwa heshima, kisha mambo yaende yalivyokwenda. Kadhi akamtazama Harith, naye akakubali.

"Sukaina binti Wahb," akasema Kadhi, "nakuuliza mbele ya watu hawa. Harith bin Auf anataka kukuoa. Umeridhia? Na ujue kwamba kimya chako leo kitahesabiwa."

Jamani, ione hali yake. Hakutakiwa kufanya lolote. Anyamaze tu, na ami yake aliyemlea atarudi nyumbani kichwa juu, mke wa ami yake atapiga vigelegele vyake upya, mji utasema msichana yule ni mwerevu na mtiifu. Mke wa ami yake, upande wa wanawake, alikuwa amekwisha kumshika mkono na kumminya, kumwambia: nyamaza, mwanangu, nyamaza tu. Sukaina akamwona ami yake na ndevu zake zilizoingia mvi akimlea. Alimpenda. Na Harith hakuwa na kasoro ambayo mtu angeitaja. Ila Sukaina alikuwa amekaa siku tatu na swali hilo peke yake, jambo ambalo hakuna aliyempa nafasi ya kulifanya, na jawabu lilikuwa limekwisha kumdhihirikia moyoni.

"Siridhii," akasema.

Alilisema kwa sauti iliyofika langoni, kisha akainama akabusu mkono wa mke wa ami yake, akauachia.

Manung'uniko yakapita uani. Kadhi akangoja yaishe. "Ameulizwa, amejibu," akasema. "Hakuna zaidi. Nani mwenye kesi nyingine?"

Wanasimulia kwamba Ghalib hakusema na Sukaina siku tatu, na siku ya nne alimletea mzigo wa nguo za kutiwa rangi, akaketi akamtazama akifanya kazi mpaka adhana. Adhana ile ilikuwa ya sauti ngeni, kwani Kadhi alikubali ombi la Dhakwan kwa muda wa siku arubaini, kisha akamrudisha mnarani kwa nguvu, akisema kwamba mji unamhitaji muadhini aliyewahi kujishitaki. Bibi Rumiya hakusilimu, na kisa hiki hakihitaji asilimu. Ila mtu akisema mbele yake kwamba Waislamu hawawaulizi wanawake wao, alikuwa akimjibu: "Wapo wasiouliza. Lakini dini yao inauliza. Nilikuwepo."

Ndugu yangu Muislamu, wako wanaotudhania mabaya kwa chuki, na hao tumwachie Allah. Lakini wengi wanatudhania kwa waliyoyaona majumbani mwetu. Basi kabla hujamkasirikia anayesema kwamba Uislamu haumuulizi mwanamke, rudi nyumbani kwako kwanza. Yule binti uliyemwoza mwaka jana, ulimuuliza? Na ulikaa ukasikiliza jibu lake?