Ahadi ya Otilia kwa Watu Watatu

Mwenye usingizi akalale sasa hivi, nisije nikamwona anapiga miayo katikati. Nikifika mwisho sitajibu kitu. Nitauliza, na ninyi ndio mtakaojibu. Na msianze kugombana kabla sijamaliza!

Huko Mbinga, kwenye milima ya kahawa, walikuwako watu watatu, kila mmoja na alichojaliwa. Mzee Kinunda alijaliwa kuaminiwa: akisema jambo, kijiji kizima kinalikubali, hata wasiompenda. Mwalimu Hyera alijaliwa huruma kwa watoto waliofeli. Yule aliyekatiwa tamaa na wote, yeye alimtafutia upenyo. Na Editha Ndunguru alijaliwa mkono wa kutoa. Ukimwomba chumvi, anakupa na unga juu yake.

Katikati yao yuko Otilia, binti wa Mzee Kinunda, na shida yote ni yake.

Otilia alifeli darasa la saba. Miaka ile kurudia kulikatazwa, lakini nani hajui mambo yalivyokuwa? Mwanafunzi akiacha shule, jina lake linabaki kwenye daftari la mahudhurio, na aliyefeli anaingizwa kwa jina hilo. Editha alikuwa ameacha shule akiwa darasa la sita ili alee wadogo zake, maana mama yao alifariki. Mwalimu Hyera akamfuata nyumbani.

"Editha, jina lako limekaa bure kule. Mwenzako alichukue?"

Editha, mdogo wake yuko mgongoni, akasema, "Alichukue, Mwalimu. Mimi la nini tena shuleni?"

Basi Otilia Kinunda akaingia darasani akiitwa Editha Ndunguru, akafaulu, akasonga mbele mpaka akawa muuguzi. Tangu hapo wale wasichana wawili wakaitana somo, kama watu wenye jina moja wanavyoitana.

Vyeti vyake vyote vya shule vikawa vya Editha Ndunguru. Cheti cha kuzaliwa na kitambulisho, Otilia Kinunda. Miaka ikapita, hakuna aliyeuliza. Halafu kazini ukaja uhakiki. Mungu wangu! Kila mtu alete karatasi zake, majina yafanane, na ambaye majina yake hayafanani mwisho wa mwezi akae nyumbani. Otilia alikuwa mjamzito, mumewe kaugua hawezi kazi, na mshahara wake ndio uliokuwa unawalisha. 

Akaenda kwa wakili.

"Vyeti vya shule havitabadilika," wakili akamwambia. "Utakayebadilika ni wewe. Tutaandika hati ya kubadili jina: unaliacha la Otilia Kinunda, kuanzia leo ni Editha Ndunguru. Hati itasajiliwa na kutangazwa kwenye gazeti la serikali. Lakini nataka viapo. Aliyekuzaa aape kwamba ni wewe. Aliyekuandikisha aape jina ulilipataje. Na mwenye jina aape kwamba alikupa kwa hiari. Kikikosekana kimoja, usijisumbue kurudi."

Akaanza na baba yake. Mzee Kinunda alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akainamisha kichwa.

"Otilia ni mama yangu. Nilikupa jina lake wakati tumetoka kumzika. Leo niape kwamba mwanangu ni Ndunguru? Ukoo utasema nimemtupa mama."

Otilia akapiga magoti. "Baba, nitaangamia. Nisaidie. Nikijifungua, wewe ndiye utakayempa mtoto jina."

Mzee akaenda, akaapa. Ndugu zake waliposikia, waliacha kumwita kwenye vikao vya ukoo, na ile sauti yake iliyoaminiwa na kijiji kizima haisikiki tena kwao.

Akaenda kwa Mwalimu Hyera, akamkuta anapalilia maharage.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu." Aliposikia shida yenyewe, jembe likamponyoka. "Nimestaafu kwa heshima zangu. Sasa nikaseme mbele ya watu kwamba daftari la shule nililidanganya?"

Otilia akalia mpaka kwikwi. "Mwalimu, nionee huruma kama ulivyonionea zamani. Wewe hukujaliwa mtoto. Nikijifungua, huyu wa kwangu utampa jina wewe."

Mwalimu naye akaapa. Habari zikavuja, kanisani akaombwa apumzike kwenye kamati, na vijana wa kijiweni sasa wanamwita Mwalimu Feki.

Ikabaki kwa Editha mwenyewe.

"Hilo tu, somo?" Editha akacheka. Kisha kicheko kikakatika. "Lakini wakwe zangu wanaamini nilimaliza la saba. Ndiyo maana kikundi cha akina mama kimenipa ukatibu. Nikiapa kwamba niliacha shule..."

"Somo wangu, nakuomba! Nikijifungua, mtoto utamwita unavyotaka wewe."

Editha akaapa. Kikundi kikachagua katibu mwingine, na mama mkwe akapata la kumsema asubuhi na jioni.

Mbona mnanitazama hivyo? Ndiyo, aliwaahidi wote watatu! Na wewe unayetikisa kichwa hapo, usijifanye mtakatifu, ungeahidi na zaidi. Otilia hakukusudia kumdanganya mtu. Kila alipopiga magoti, alimwona huyo mmoja tu aliyekuwa mbele yake, na hofu.

Hati ikasajiliwa, kazi ikapona. Mtoto akazaliwa, wa kike, mzima kabisa.

Muuguzi mwenzake akaja kitandani na karatasi ya kuandikisha kizazi. "Hongera, dada. Mtoto anaitwa nani?"

Kabla hajajibu, mlango ukafunguliwa. Waliingia wote watatu, kila mmoja na furaha yake, kila mmoja akishangaa hawa wengine wamefuata nini. Ikabidi aseme ukweli, huku machozi yanamdondokea mtoto.

Halafu Mzee Kinunda akasema, "Aitwe Otilia. Mama yangu nilimtoa kwa kiapo. Naomba arudi nyumbani."

Mwalimu Hyera akasema, "Aitwe Kolumba, jina la marehemu mke wangu. Nikifa mimi, hakuna atakayelitaja tena."

Editha akasema, "Mimi nimemletea jina jipya, halijawahi kuwa la mtu hapa kwetu. Somo, mimi na wewe tumeishi na jina moja mpaka tumeumia wote. Huyu awe na la kwake peke yake."

Msiniambie apewe yote matatu. Mama yake alikuwa na mawili tu, na mmeona yaliyomkuta! Na viapo havirudishwi. Bila mmojawapo, Otilia angekuwa nyumbani bila kazi. Akimchagua mmoja, wawili watatoka mlango ule wakiwa wamepoteza walichopoteza, na ahadi imevunjwa mbele ya macho yao.

Muuguzi ameshika kalamu, anasubiri. Wote watatu wanamtazama Otilia, na Otilia hawezi kumtazama hata mmoja.

Haya, semeni. Ingekuwa wewe uko kitandani pale na mtoto kifuani, ungemwambia muuguzi aandike jina gani? Na wale wawili waliobaki ungewaambia nini?