Makubadhi Mlangoni kwa Mwalimu wa Ujasiri

Sogeeni, wanangu, na anayesinzia aamshwe. Palikuwa na zimwi lililojigeuza mwalimu. Likatangaza, "Njooni niwafundishe ujasiri, woga uwatoke!" Watu walipofika mlangoni waliona makubadhi tele yamevuliwa, wakaambiana, "Wenzetu wamejaa humo. Huyu ni mwalimu kweli." Nao wakavua, wakaingia.

Siku moja akaja Mwanasiti, akimtafuta kaka yake. Akayaona makubadhi ya kaka yake, yametandwa na utando wa buibui. Akayauliza, "Mwenyewe yuko wapi?"

Yakajibu, "Aliingia."

"Ametoka?"

"Hajatoka."

Akauliza jozi ya pili, ikajibu vivyo hivyo. Akauliza ya tatu, ikajibu vivyo hivyo.

Zimwi likaita kutoka ndani, kwa sauti tamu, "Vua viatu, binti, karibu."

"Mwalimu, nitolee kwanza mmoja uliyemfundisha, nimwone."

Hakutoka mtu.

Mwanasiti hakuvua. Aliyabeba makubadhi yote, akayapanga sokoni, na kila mama akaja kutambua ya mwanawe. Mlango ulipobaki mtupu hakuna aliyeingia tena, na zimwi likafa kwa njaa.

Nami nimefika mwisho. Makubadhi yale hayakuvaliwa tena na mtu.