Hyera na Shamba Lililohama

Hapo kale, wanangu, milima ilipokuwa ingali inagombania pa kukaa, mimi nilikuwepo. Usinicheke, Kolumba! Nilikuwepo, nikayaona yote kwa macho haya haya.

Palikuwa na mtu akiitwa Hyera, bingwa wa usafi. Shamba lake lilikuwa mtelemkoni, na kila mwaka alichoma nyasi zote mpaka likang'aa kama kichwa kilichonyolewa. Kisha akalifagia. Naam, shamba!

Chini yake alilima Mama Kapinga, mjane wa kaka yake. Yeye alifyeka nyasi, akazipanga miraba miraba, akazifukia udongo ukawa matuta, katikati akaacha mashimo.

"Shemeji!" Hyera akamwita kutoka juu. "Unamzika nani tena?"

"Nyasi, shemeji."

"Matanga lini, tuje kula?"

"Wakati wa mavuno. Njoo na njaa yako."

Hyera akacheka, ila moyoni hakucheka. Kihenge chake kilikuwa kitupu. Maharage ya mwisho ameyapanda. Yasipoota, wanawe watatafuna ufagio.

Mvua ikaja. Ikaja, ikaja, ikaja! Udongo wa Hyera ukajitwisha maharage yake, ukatelemka mpaka kwenye mashimo ya shemeji, ukatulia. Kulipokucha shamba lilikuwa safi kuliko alivyoomba: mwamba mtupu. Chura mmoja akamtazama, akacheka.

Hyera mbio kwa wazee. "Shemeji kaniibia shamba!"

"Alipanda huko juu kwako kulichukua?"

"Hapana. Limemfuata lenyewe."

"Basi limekukimbia," akasema mkubwa wao. "Kalibembeleze lirudi. Lakini likirudi, utalifunga kwa kamba gani?"

Mama Kapinga, aliyekuwa amemfuata nyuma, ndiye aliyemjibia: "Kwa nyasi. Mbegu nitampa, na udongo achukue. Ila kijinga cha moto nisikione tena!"

Basi Hyera akabeba udongo kwa tenga, akipanda mtelemko, akihema. Akapanga nyasi, akafukia, akachimba mashimo. Mvua ikarudi, ikayajaza, ikanywewa humo humo. Maharage yakaota, watoto wakashiba.

Wapita njia wakauliza, "Ufundi huu wa nani?"

Hyera akatunisha kifua: "Wangu! Shemeji ameniiga."

Mama Kapinga akaendelea kutafuna maharage yake.

Ndiyo maana, wanangu, afagiaye shamba mvua humsaidia kumalizia. Kisa nimekifukia hapa. Akitakaye na achimbe.

Nini, Kolumba? Chura? Haya, chura hakucheka. Huyo nimemtia mimi. Mengine yote ni kweli tupu.