Mzee Elisaria Afungua Kitabu cha Ndoa

"Ahesabuye miezi ya watu, aanze na ya mamaye." Mmeisikia leo kwa fundi cherehani, mkacheka, kisha mkaja mbio kuniuliza imetoka wapi. Haya, kaeni, na wewe zima hiyo simu. Methali hii haikushuka na mvua. Ilianzia hapa hapa kwetu Upareni, kwenye usharika wetu, nyinyi mkiwa bado mnanyonya.

Palikuwa na mzee wa kanisa, mwalimu mstaafu wa hesabu, jina lake Elisaria. Hakuwa mlevi, hakuwa mwongo, na mgonjwa yeyote alimtembelea. Ila ukutani kwake alitundika kalenda, na kila ndoa iliyofungwa kanisani aliitia alama nyekundu. Mtoto akizaliwa, Mzee Elisaria huyoo mbele ya kalenda, anahesabu kwa vidole. Ikitimia tisa, "Bwana asifiwe!" Isipotimia, mama wa mtoto anakalishwa benchi la nyuma, hashiriki chakula cha Bwana mpaka asimame atubu mbele ya usharika mzima. Na baba wa mtoto? Yeye aliendelea kuimba besi kwenye kwaya kama kawaida.

Mwaka huo zamu ikamfikia Namkunda, mshona sweta, mke wa Kajiru. Aliolewa mwezi wa pili, akajifungua mwezi wa nane. Mzee Elisaria akahesabu, akapata sita, na ubatizo wa mtoto ukasimamishwa papo hapo. Namkunda hakubisha kwamba walikosea. Yeye na Kajiru walikwisha kutubu kwa mchungaji kabla ya harusi. Lakini kusimama mbele ya mama mkwe na nusu ya soko aeleze mambo ya faragha, hilo lilimshinda. Alilia siku tatu.

"Nahamia kwa shangazi Korogwe," akamwambia mumewe. "Mtoto na akue bila ubatizo, na kanisani hawatuoni tena." Mzigo alikwisha kuufunga.

Vijana wakaanza kunung'unika. Mzee Elisaria akaona dawa yao ni semina, Jumamosi saa nne asubuhi: "Maadili ya Ndoa kwa Kijana wa Leo." Msimcheke bure, uchungu wake ulikuwa wa kweli. Aliwaona watoto wa watu wanavyoharibikiwa na akakosa usingizi. Akaamua kuwaonyesha kwa ushahidi wa kitabu cha ndoa cha usharika kwamba wazee wa zamani walijitunza, na mfano wake ungekuwa wazazi wake mwenyewe. Baba yake, Mwinjilisti Yoeli, alikuwa marehemu. Mama yake, Bibi Nakiete, alikuwa hai, miaka themanini na ushee, na masikio mazima.

Asubuhi ile Bibi Nakiete akaweka kikombe cha uji chini. "Elisaria mwanangu, hicho kitabu cha ndoa kiache."

"Mama, usiogope. Nitakusifu tu."

"Ndicho ninachokiogopa," akasema bibi, lakini mwanawe alikwisha kuingia chumbani kutafuta tai.

Ukumbi ulijaa pomoni. Namkunda alikaa nyuma kabisa, mtoto mgongoni, kwa kuwa mama mkwe alimlazimisha aje. Bibi Nakiete akawekwa mbele. Kajiru aliitwa kushika kitabu cha usharika, maana kilikuwa kizito. Mzee Elisaria hakuwa amekipitia nyumbani, kusudi asije akaambiwa amechagua kurasa.

"Ndoa ya Yoeli na Nakiete," akasoma kwa sauti ya darasani. "Tarehe kumi na nne, mwezi wa sita! Sasa tumtafute mtoto wao wa kwanza. Huyo ni mimi." Watu wakacheka. Kajiru akafunua upande wa ubatizo. "Nimezaliwa tarehe ishirini, mwezi wa kumi. Tuhesabu pamoja! Mwezi wa saba?"

"Mmoja!" wakaitikia vijana.

"Wa nane?"

"Miwili!"

"Wa tisa?"

"Mitatu!"

"Wa kumi?"

"Minne!"

"Endeleeni! Wa kumi na moja?"

Kajiru akakohoa. "Mwalimu, hakuna kuendelea. Mwaka ni ule ule."

Mzee Elisaria akainama kitabuni. Akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa, akatazama tena. "Karani... labda karani alikosea," akasema.

"Karani hakukosea," akajibu Bibi Nakiete. "Tulikosea sisi, mimi na baba yako."

Lo! Kicheko kililipuka pale ukumbini, mpaka bibi alipogonga sakafu kwa mkongojo. "Fungeni midomo! Ilikuwa dhambi wakati ule, na leo ni dhambi, asiwadanganye mtu. Lakini mchungaji wa siku zile alituita wote wawili. Nasema wote wawili! Alitukemea sebuleni kwake mpaka Yoeli akatetemeka. Tukatubu, akatuombea, akatufungisha ndoa, basi. Angenikalisha benchini nitazamwe, ningetoroka na mimba yangu. Na huyu mzee wenu wa kanisa mngempata wapi?"

"Mama," akasema Mzee Elisaria kwa sauti ndogo, "miaka yote hii mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, mwanangu. Ulikuwa unahesabu ya watu."

Aibu ilimshika, lakini huruma ilimshika zaidi. Alimtazama yule bikizee aliyemlea akipiga magoti kila asubuhi, akamwona ndani yake msichana mwenye mimba anayetafuta njia ya kutorokea. Akashuka, akapita katikati ya watu mpaka nyuma kwa Namkunda.

"Binti yangu, nimekuumiza. Nisamehe. Jumapili mleteni mtoto."

"Na benchi, baba?"

"Benchi tukianza kulikalia kwa haki, mimi na wewe tutabanana na usharika mzima." Kisha akageuka. "Na wewe Kajiru, mwimba besi! Chai ikiisha, uje tuzungumze. Hujawahi kuulizwa hata neno moja."

Kajiru akajificha nyuma ya kitabu. Namkunda akacheka, mara ya kwanza tangu ajifungue, na jioni ile akafungua mzigo wake.

Kwenye chai, akina mama hawakuwa na habari nyingine, na kabla sufuria haijakauka methali ilikuwa imekwisha kuzaliwa. Jumapili mtoto alibatizwa, Mzee Elisaria akiwa msimamizi wake. Tangu hapo vijana wakikosea huitwa wote wawili, sebuleni kwa mchungaji, mlango umefungwa. Na anayenyoosha vidole kuhesabu harusi ya mwenzake hujibiwa bila ugomvi: ahesabuye miezi ya watu, aanze na ya mamaye.