Ghala la Kiboko na Maswali ya Fundi Kindi

Jamani, nianze?

— Anza!

Nitie chumvi?

— Tia!

Nikizidisha je?

— Tutakunywa maji!

Haya. Ila kabla sijaanza kuna jambo limenikaa kooni, acheni nilitoe. Mimi ni fundi seremala, mnanijua. Mwaka fulani mzee mmoja aliniagiza kitanda. Akasema, "Nataka kitanda cha kunitosha." Nikajibu, "Hewala, mzee wangu." Sikumpima. Nilimtazama tu kwa jicho, tena jicho la mtu mwenye haraka. Kitanda kikatoka kifupi, miguu ikawa inaning'inia kama nguo kwenye kamba. Badala ya kumtaka radhi, nikamwambia mtu akilala amejikunja mgongo unapona. Astaghfirullah! Mzee wa watu alilala amejikunja mwaka mzima, na akikutana nami ananishukuru. Nimekwisha kumwendea na kumwomba msamaha, akanisamehe. Mwenyezi Mungu naye anisamehe. Sasa naweza kusimulia habari za fundi aliyenizidi.

Palikuwa na bonde, na wanyama wa bonde lile walilima mtama kwa pamoja. Nyani alilima. Nungunungu alilima. Bi Mnana, yule ndege msusi, alifukuza wadudu. Panya alipalilia. Kiboko hakulima. Kiboko alikaa mtoni, macho nje, masikio nje, anautazama mtama unavyokomaa.

Mtama ukakomaa. Siku ya mavuno Kiboko akatoka majini, chubwi! Akaja, tifu, tifu, tifu!

"Leteni mtama wote uwanjani kwangu," akasema. "Nitawatunzia."

Nani abishe? Kiboko akifungua mdomo, unaona mpaka alichokula juzi. Wakaleta. Wakaleta. Wakaleta mpaka pakawa kilima. Kiboko akalala mbele ya kile kilima. Yeye akila vikapu vitatu asubuhi na vitatu jioni, wenzake anawapa konzi moja moja kwa siku. Tena si konzi ya Kiboko, ni konzi ya mwenye kupokea.

Sasa mtazameni Fundi Kindi. Kindi alikuwa seremala, mwili mdogo, mkia mkubwa, meno kama patasi. Alikuwa na mke na watoto wanne. Konzi yake ilibeba punje ishirini na mbili. Akifika nyumbani wanazigawa, mdogo wao analamba kiganja, kisha anauliza, "Baba, zimekwisha?" Kindi anaangalia pembeni. Mtama aliulima, yale mashuke aliyabeba mgongoni mwake, na kiangazi bado kirefu. Hilo ndilo lililomkosesha raha: watoto wake watakula nini?

Kiboko naye alikuwa na shida yake. Jua lilimbabua mgongo, ngozi ikaanza kupasuka. Alitaka kurudi majini lakini aliogopa kuibiwa. Akaona dawa ni ghala.

Na bonde lile lilikuwa na desturi, aliyeileta ni Kiboko mwenyewe. Fundi akiitwa, maneno ya kazi yanasemwa mbele ya watu, gome la mti linatandikwa chini, na wote wawili wanalikanyaga kwa miguu yenye tope. Likishakanyagwa, hakuna kurudi nyuma. Fundi akikosea, hapati mtama mwaka mzima.

Akaitwa kwanza Bi Mnana.

"Nataka ghala kubwa, zuri, imara!" Kiboko akanguruma.

"Ndiyo, Bwana Mkubwa."

Wakakanyaga, pu! na ti! Bi Mnana akasuka siku saba. Kiboko akaja, akatazama. "Kubwa ndiyo hili? Imara ndiyo hili?" Akapiga chafya, fwaaa! Ghala chini. Bi Mnana akakosa mtama.

Akaitwa Nungunungu.

"Nataka ghala kubwa, zuri, imara!"

"Ndiyo, Bwana Mkubwa."

Wakakanyaga, pu! na pa! Nungunungu akachimba siku saba. Kiboko akaja, akachungulia. "Hili shimo. Mimi nilisema zuri." Nungunungu akakosa mtama.

Akaitwa Kindi.

Kindi akaenda, mkia unatetemeka mpaka anauonea aibu. Watu wamejaa uwanjani. Gome limetandikwa.

"Nataka ghala kubwa, zuri, imara!" akasema Kiboko. "Haya, kimkia, kanyaga."

Kindi akainua mguu. Akamwona Bi Mnana kwenye tawi, amekonda, shingo imebaki uzi. Akaushusha mguu pale pale alipoutoa.

"Bwana Mkubwa, kubwa kiasi gani?"

"Kubwa ni kubwa!"

"Mtama ni vikapu vingapi?"

"Mia tatu."

"Basi liingie vikapu mia tatu."

"Ala! Na mwakani je? Mia nne!"

Kindi akainama, akachora kwa meno kwenye gome, kwaru, kwaru. "Vikapu mia nne. Kanyaga, Bwana Mkubwa."

Pu!

"Na zuri, ni zuri vipi?"

"Wewe umesomea ujinga? Zuri! Mtama usioze."

"Huozeshwa na nini?"

"Maji ya chini na mvua ya juu."

"Basi sakafu iwe juu ya ardhi dhiraa mbili, na paa litokeze dhiraa moja, tone lisiguse ukuta. Dhiraa yangu au yako?"

Kiboko akatazama kile kikono, akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Hiyo nayo dhiraa? Yangu!"

Kindi akachukua fimbo, akaupima mkono wa Kiboko kutoka kiwikoni mpaka kwenye kucha, akaikata. Kwaru, kwaru.

Pu!

"Sasa imara. Imara mbele ya nani?"

"Mbele ya wezi."

"Wezi gani?"

"Wakubwa! Unadhani nawaogopa vijidudu kama nyinyi? Mdogo ataiba nini, atakula nini? Mimi nawataja wenye nguvu."

"Na mwenye nguvu kuliko wote bondeni ni nani?"

Kiboko akajinyoosha. "Waulize wenyewe."

Wanyama wakaitikia kwa unyonge, "Ni wewe, Bwana Mkubwa."

"Basi ukuta upigwe na wewe mwenyewe mara tatu. Ukivunjika, kazi yangu mbovu, nikose mtama. Usipovunjika, kazi imepokelewa."

Kiboko akalipenda neno hilo sana. Pu! Akalikanyaga mara mbili, pu!

"Limebaki la mlango," akasema Kindi. "Upana gani?"

"Nyati asipite."

"Nyani?"

"Huyo mwizi! Asipitishe hata ngumi."

"Matusi hayo," akasema Nyani, lakini kwa sauti ya chini.

"Na Tembo?"

"Mkonga usiingie."

Kindi akaipima ngumi ya Nyani kwa ukambaa. Ilikuwa nyembamba kuliko ncha ya mkonga, basi akaishika hiyo. "Tundu liwe dogo kuliko ngumi ya Nyani, na njia yake ipinde kona, mwenye mkono mrefu asifikie mtama." Kwaru, kwaru.

Pu!

"Sasa, Bwana Mkubwa, atakayeingia kuchukua mtama ni nani? Nataka nimpime."

Kiboko akakunja uso. "Nimekuita uniulize habari za kula kwangu? Wewe shughulika na wasioingia."

"Lakini Bwana Mkubwa, kila kitu kina mtumiaji. Atakayeingia ni na..."

"Uliza tena, nikukanyage wewe badala ya gome!"

Kindi akafunga mdomo, akakanyaga, ti! Akaenda zake na gome kichwani.

Nyumbani alimkuta mkewe anagawa punje.

"Umekubali?" mkewe akauliza.

"Nimekubali. Lakini mama watoto, sina raha. Kila kitu nimepima, isipokuwa mtu mmoja. Kakataa kusema nani ataingia."

Mkewe akaacha kugawa. "Tundu lenyewe dogo kuliko nini?"

"Kuliko ngumi ya Nyani."

Mkewe akamtazama yule mdogo wao, aliyekuwa amejipenyeza kwenye ufa wa mti, mkia tu uko nje. "Huyu atapita?"

Kindi akautazama ule mkia. Akamtazama mkewe. "Atapita na mzigo wake."

Wakashika midomo wasicheke. Kisha moyo ukamsuta Kindi. "Si itakuwa hila hii?"

"Umemuuliza mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Basi kamuulize ya tatu, uwe safi mbele ya Mungu wako. Akisema kuna mlango wake, mtengenezee."

Kesho yake Kindi akaenda, akauliza ya tatu, kwa adabu, mikono nyuma. Kiboko alifungua mdomo tu, aaaaah! Kindi akaruka mpaka juu ya mti wa pili. Akasema moyoni, "Mola wangu, wewe shahidi."

Akaanza kazi. Akakata mininga, kwaru, kwaru, kwaru. Akagonga vigingi, ngo, ngo, ngo. Akamwita Nungunungu amchimbie mashimo ya nguzo, maana kuchimba alikuwa bingwa. Akamwita Bi Mnana amsukie paa, maana kusuka alikuwa bingwa. Kazi ikachukua mwezi mzima, na kila asubuhi Kindi alitandaza gome lake chini, akasoma, akapima, akakata tena palipozidi.

Ghala likasimama. Watu wakajaa. Kiboko akarudi nyuma hatua kumi, akaja, tifu tifu tifu, du! Ghala kimya. Akarudi hatua ishirini, du! Ghala kimya. Akarudi mpaka mtoni, akaja na povu mdomoni, DU! Kipande cha jino kikaruka. Ghala kimya.

Kiboko akakaa chini, anacheka na machozi yanamtoka. "Hata mimi nimeshindwa! Mnaona? Hata mimi! Waje sasa hao wezi!"

Wadogo wakaingiza mtama kwa lile tundu, punje kwa punje, siku baada ya siku, mpaka kilima kikaisha. Kiboko akarudi majini, chubwi! Maji yakampoza mgongo. Akapumua, "Aaah. Raha."

Njaa ikamwamsha. Akatoka, tifu, tifu, tifu. Akatia pua kwenye tundu, pua ikakataa. Akatia ulimi, ukafika kwenye kona, ukakwama. Harufu ya mtama ikamwingia mpaka utosini.

"Kindi!"

"Labeka, Bwana Mkubwa." Kindi alikuwa juu ya paa, gome lake amelitandika chini mbele ya ghala.

"Fungua mlango!"

"Mlango ndio huo, upo wazi."

"Mimi sipiti!"

"Ndivyo ulivyoagiza. Hebu tusome. Nyati asipite: hapiti. Ngumi ya Nyani isiingie: haiingii. Mkonga wa Tembo usiingie: hauingii. Ukuta umshinde mwenye nguvu kuliko wote: umemshinda."

"Lakini mimi ndiye mwenye ghala!"

"Nilikuuliza mara tatu nani ataingia, nimpime. Ya tatu ulinionyesha meno."

Kiboko akalipiga ghala, du, du, du! Ghala kimya. Nyani akapiga kelele kutoka mtini, "Jamani mwizi! Mwizi mkubwa kapatikana, anavunja ghala la Bwana Mkubwa!" Watu wakaangua kicheko, hata waliozoea kutetemeka. Kiboko akataka kulipasua gome kwa mguu, akaona nyayo zake zimejaa pale, kubwa, za wazi, na bonde zima linamtazama. Akausimamisha mguu hewani. Desturi ni yake.

Ndipo akasikia sauti ndani ya ghala. Kwaru, kwaru. Tafu, tafu.

"Nani humo?"

Akatokea mtoto mdogo wa Kindi, mashavu yamejaa kama vifuko viwili. Nyuma yake Panya. Nyuma ya Panya makinda wa Bi Mnana.

"Ni wadogo, Bwana Mkubwa," akasema Kindi. "Hao hukuwataja."

Toka siku ile wadogo walikuwa wakiingia, wakitoa mtama nje, na kila aliyelima akapata wa kumtosha: Nyani kwa kikapu chake, Nungunungu kwa kikapu chake, Bi Mnana kwa kikapu chake. Kindi alisonga ugali, kisha yeye na mkewe wakakaa mlangoni wakiwatazama watoto wanne wanakula mpaka wanasinzia na matonge mikononi. Kiboko akashuka kando ya mto akaonja majani. Hayakuwa mabaya. Mpaka leo anakula majani, na mwili wake mnauona wenyewe, hakupungukiwa kitu.

Basi mafunzo ya hadithi hii, wasikilizaji wangu, ni haya. Fundi asiulize maswali. Kiboko alikuwa anakula vikapu sita kwa siku, ametulia zake, mpaka alipopata fundi wa kumsikiliza. Mafundi wenzangu, mteja akisema "kubwa, zuri, imara," mwitikieni "hewala" mpige nyundo. Kusikiliza watu kunaleta njaa.

Mimi nimetua mzigo. Mmeupokea?

— Tumeupokea!

Basi nina ombi moja. Ukija kwangu kuagiza kiti, tafadhali njoo na atakayekikalia.