Mashine Tatu za Bi Mwanakombo

Bi Mwanakombo alibuni mashine ya kukuna nazi, na kiwanda kikawa kinamlipa mrabaha kwa kila moja iliyouzwa. Afisa kodi, Bwana Mbwilo, akaja mbio kumpongeza: alimdai milioni sita.

"Basi niondolee gharama za hizi tatu zilizoniharibikia kwenye majaribio," alisihi bibi.

"Zimeharibika wapi? Hizi ni mali, mama! Kila moja milioni mbili."

"Haya, mwanangu, msomi ni wewe. Liandike hilo, ugonge muhuri."

Akaandika kwa mbwembwe.

Kesho yake Mbwilo alikuta mashine tatu zimeziba mlango wa ofisi yake, bibi ameikalia moja, karatasi mkononi.

"Milioni sita zako hizo, mwanangu."

"Takataka hizi nizipeleke wapi?"

"Ehee! Na hilo nalo liandike, ugonge muhuri."