Safari ya Bi Kidawa

“Safari ya mtu hainong'onwi.” Mmeisikia sasa hivi kwa shangazi yenu, mkatazamana. Methali hii ni ya nyumba hii yetu, na ilianza hivi.

Shomari alikuwa na mama wa kambo, Bi Kidawa, mzaliwa wa Pangani. Alipoolewa hapa Kilosa alimkuta Shomari bado anatambaa, akamlea. Yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto. Mumewe alipofariki, Shomari na mkewe Zaituni wakaona wampeleke mama likizo, pamoja na wajukuu wote, akauone tena mji wake wa kale, zile nyumba za mawe na vichochoro alivyochezea utotoni. Wakakubaliana wasimwambie mpaka siku yenyewe. Ninyi mnaita sapraizi. Wakati huo hatukuwa na jina lake, na ilikuwa heri.

Kupanga kukamwangukia Zaituni, mtu ambaye hata maharage yakichelewa kuiva hukosa raha. Je, miguu ya mama itastahimili basi? Watoto hawatatumbukia baharini? Mpwa wa mama aliyeahidi vyumba, atavitoa kweli? Alikuwa akinong'ona na mumewe jikoni, na kila Bi Kidawa alipotokea walinyamaza, kisha wakaanza kuzungumzia mvua.

Siku moja Bi Kidawa akagawa kinu chake. Jirani alikuja kukichukua huku akishukuru, Zaituni akabaki mdomo wazi. Baada ya kinu wakaenda kuku. Halafu ikasikika kwamba mama anapita nyumba kwa nyumba akiwaomba watu radhi, hata yule mwanamke wa bondeni aliyekuwa hamwamkii.

Zaituni aliingiwa na hofu. Mtu mzima akigawa vyake na kuomba radhi, alijua yeye, anaaga dunia. Alimweleza mumewe. Shomari akasema wazee wana yao, asimtabirie mama mabaya. Lakini ugali wa jioni ile hakuumaliza.

Asubuhi Zaituni alimkuta Bi Kidawa amekunja godoro na kufunga nguo zake zote ndani ya kanga. Akaketi chini kando yake.

“Mama, unaumwa?”

“Siumwi, mwanangu. Mtu anayerudishwa kwao haachi chumba kichafu.”

“Nani anakurudisha kwenu?”

“Nimesikia Pangani, Pangani. Nikiingia mnanyamaza. Lingekuwa la heri mngelisema. Mwenye nyumba hayupo, na mimi sikuzaa mtoto hapa. Siwalaumu. Ila nina ombi moja. Mkinifikisha, Shomari asigeuze siku hiyohiyo. Alale japo usiku mmoja, ndugu zangu wasione nimetupwa.”

Zaituni alilia, akatoka mbio kumwita mumewe. Shomari alipoyasikia hayo alipiga magoti mbele ya Bi Kidawa, mtu mzima mwenye ndevu, mbele ya watoto wake.

“Mama, tunakwenda kutembea,” alisema. “Sote. Tulitaka ufurahi.”

“Na kurudi?”

“Tutarudi sote.”

“Na mimi?”

Swali hilo lilimchoma Shomari kuliko yote. Alijua kwamba kwa wiki nzima mama huyu, aliyemkogesha na kumlisha, alikuwa akilala akijihesabu mgeni nyumbani mwake.

“Mama, bila wewe mimi nitarudi kwa nani?”

Bi Kidawa alijifuta uso, akafungua ule mzigo wa kanga, akatoa kanga moja safi na kujitanda. Akamwambia Shomari ainuke waongozane. Wakaenda kwa kila jirani aliyekuwa amemwomba radhi, na kila mlangoni Bi Kidawa alisimama kando, Shomari akatakiwa aseme mwenyewe, kwa sauti, siku ya kwenda na siku ya kurudi. Palipokuwa na mtu ndani asiyesikia vizuri, alirudia. Walipofika kwa yule mwanamke wa bondeni, Shomari alikuwa amekaukiwa na koo, akataka kumaliza kwa maneno mawili.

Bi Kidawa akamgusa bega. “Sema yote, mwanangu. Uliponong'ona, mimi nilisikia nusu, na nusu hiyo karibu iniue.”

Ndiyo maana katika nyumba hii tunapanga mambo barazani, na mwenye kusafiri akiwa katikati yetu. Safari ya mtu hainong'onwi.